Matembezi Yaliyouzwa Pamoja na Jogoo

Jumatano, 6 Agosti

Mawingu. Baridi ya Agosti, ile inayoingia magotini bila kupiga hodi. Nimetoka uani na kikombe cha chai kuutafuta mlima, sikuuona. Nikaandika mstari wa kufungia safu yangu ya gazetini kama ninavyoandika kila wiki: Mlima asubuhi hii: haupo. Miaka ishirini na ushee namalizia hivyo. Msomaji mmoja aliyehamia Mtwara aliwahi kuniambia kwamba huanza na mstari huo, ndipo anapanda juu kusoma mengine.

Jioni nimemsomea mke wangu, Mama Upendo. Ndiyo desturi yetu ya Jumatano. Mimi kwenye kigoda, yeye kwenye cherehani anapiga pindo za nguo za wateja. Sentensi ikiwa nzuri, mguu wake unasimama. Ikiwa mbaya, cherehani inaendelea. Wahariri wa gazeti wamekuja na kuondoka, huyu hajawahi kuhamishwa. Leo mguu umesimama kwenye tumbili aliyeiba ndizi kikapuni mwa mama mmoja kule Akheri. Nilipofika nilipojisifu kwa kupanda kilima bila kupumzika, cherehani ilikwenda mbio. Aya hiyo nimeifuta.

Alhamisi, 7 Agosti

Salma amepiga simu. Ndiye mhariri wangu siku hizi, binti mchapakazi, anaweza kuwa mjukuu wangu. Alianza na shikamoo ndefu, kisha akauliza habari za mama, za magoti, za mvua. Nikajua kuna jambo.

Safu inakoma mwisho wa mwezi. Ukurasa unakwenda kwenye matangazo. "Mzee wangu, sio mimi, ni maamuzi ya juu." Nikaishia mimi kumpa pole yeye. Safu mbili zimeshakaa tayari kwake, maana huwa naweka akiba. Imebaki moja, ya kuaga. Ameomba iwe ya shukrani.

Nimeumia. Naandika wazi kwa sababu humu hakuna wa kunisoma. Nilisema naelewa, nikasema ni sawa kabisa, nikakata simu na kukaa nikiutazama ukuta.

Nilidhani nitamficha Mama Upendo. Mezani aliniona naongeza chumvi kwenye mboga ambayo nilishaiongeza chumvi. "Baba Upendo, sema." Nikasema. Akanipakulia kipande kingine cha nyama, kile kikubwa.

Jumamosi, 9 Agosti

Akheri kwa rafiki yangu Nnko. Tumetembea pamoja tangu safu haijazaliwa. Ana kahawa na migomba, ana mdomo kuliko redio, na anaijua mifereji yote ya maji upande ule wa mlima. Tulifuata mfereji mkubwa hadi kwenye daraja la gogo. Mbega walikuwa juu ya miti wakitutazama kama wazee wa baraza. Nikamweleza habari ya safu. Hakusikitika kiasi nilichotaka, nikanuna hadi kwenye kona.

Kisha akabadilisha maneno. Jumapili ya wiki ijayo ni sikukuu ya mavuno kanisani, usharikani kwao, njoo na mama. Kila mtu analeta alichovuna. Asiye na shamba analeta matunda ya kazi yake. Mwaka jana seremala alileta kigoda, na fundi baiskeli alileta gurudumu alilolinyoosha mpaka likang'aa.

Nitakwenda. Napenda mnada wa baada ya ibada kuliko mahubiri, Mungu anisamehe. Mazao yote yanapangwa nje na kunadiwa, fedha inakuwa sadaka. Na ustaarabu wao ni kwamba mwenye nafasi akishanunua kitu, anakirudisha kiuzwe tena ili sadaka iongezeke. Niliwahi kuona boga likiuzwa, likarudishwa, likauzwa, likarudishwa, mpaka nikalionea huruma.

Swali limenifuata hadi nyumbani Themi. Mimi nimevuna nini? Miaka yote hii nimetoka nikatembea, nimerudi na tope. Hata hilo tope alilifua mwingine.

Jumatatu, 11 Agosti

Safu ya mwisho. Siku nzima.

Nilianza, "Wapenzi wasomaji." Sijawahi kuwaita hivyo maishani. Nikamshukuru yule bibi wa Terrat aliyenipa maziwa siku niliyopotea, akanionyesha mji uliokuwa mbele ya macho yangu. Nikawashukuru walinzi wa msitu. Nikamshukuru dereva wa trekta aliyenivuta mimi na pikipiki ya kukodi kutoka kwenye matope. Wote wanastahili. Lakini nikisoma naona kama risala ya harusi, na ikifika katikati inageuka kuwa wasifu wa marehemu. Nilibaki najisikiliza kama nimo kwenye jeneza.

Nimekunywa chai tatu. Nimepanga upya vitabu kabatini. Mtu anayepanga vitabu haandiki.

Jumatano, 13 Agosti

Nimemsomea hivyo hivyo, yote. Cherehani haikusimama. Si kwa bibi wa Terrat, si kwa trekta, wala si kwenye "asanteni sana" ya mwisho niliyoitamka polepole makusudi.

"Vipi?" nikauliza.

"Nzuri. Kama ya mtu mwingine."

Amesema kwa upole, na ni kweli, ndiyo maana imeniuma. Nimeichana.

Sijamaliza kununa, Nnko akapiga. Anacheka kabla ya kusema. Eti amewaambia wazee wa usharika kwamba mwandishi wa gazeti ametoa zao lake la mavuno: siku nzima ya matembezi pamoja naye, linadiwe Jumapili. Bila kuniuliza! Nilimfokea. Nilimwambia mimi si mkungu wa ndizi. Akasema, ndiyo, mkungu wa ndizi hauna kelele hivyo.

Mama Upendo alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Tumeitafuta wote wawili kwa magoti, na mimi nikajikuta nacheka.

Ijumaa, 15 Agosti

Sasa sicheki. Usingizi unakuja kwa vipande.

Naogopa kimya. Jogoo atauzwa, mayai yatauzwa, viazi vitauzwa. Halafu nitaitwa mimi, na watu watatazama viatu vyao. Mzee wa mnada atasema "jamani, jamani," na mtu mmoja mwenye huruma atatoa kidogo ili nikae chini. Hapo nitakuwa nimepata jibu la swali langu mbele ya halaiki: kwamba sikuvuna kitu. Gazeti limeshasema hivyo kwa adabu. Sitaki usharika useme tena kwa kipaza sauti.

Nimemwomba Nnko anitoe. Anasema nimeshatangazwa, siku ya maombi ya katikati ya wiki. Upendo kapiga kutoka Dodoma, nikamweleza binti yangu shida yangu nikitegemea faraja. Anacheka kama mama yake, kwa pua.

Mama Upendo ana kazi nyingi, harusi mbili kesho. Jumamosi ndiyo siku yake ya riziki, wateja wanachukua nguo za Jumapili na za sherehe. Ndiyo maana hajawahi kutembea na mimi. Jumamosi yangu ilikuwa njiani, Jumamosi yake ilikuwa kwenye cherehani. Zamani nilimwomba, akasema, "Wewe nenda, utanisomea." Sikumwomba tena, naye hakulitaja.

Jumapili, 17 Agosti

Niandike kabla sijalala.

Kanisa lilijaa. Mbele kulikuwa na ndizi, miwa, viazi, kahawa kwenye ndoo, na nje mbuzi aliyeimba kuliko kwaya. Mimi nilikwenda mikono mitupu. Mama Upendo alinilazimisha nivae buti zangu za matembezi na suti. Alisema mwenye mali huonyesha mali.

Baada ya ibada tukatoka uwanjani. Mzee wa mnada ni bwana mfupi, hana haja ya kipaza sauti lakini anacho. Alianza na jogoo. "Huyu hajaugua hata mafua! Nani anaongeza?" Jogoo akanunuliwa na Shirima, mfanyabiashara wa mbao kutoka mjini, mtu mpana mwenye kofia. "Namrudisha! Auzwe tena!" Vigelegele. Jogoo akauzwa mara ya pili.

Kisha nikaitwa. Nikasimama kando ya mbuzi.

"Wapendwa, hapa tuna mwandishi! Anaandika milima, mito na ndege. Siku nzima na yeye, anakupeleka, anakueleza, unarudi na afya! Nani anaanza?"

Kimya. Mbuzi akanitazama. Nikaanza kuhesabu vifungo vya koti la mzee wa mnada, kisha Shirima akanyanyua mkono na kutaja bei, nzuri tu, mwingine akaongeza, Shirima akaongeza, na nikawa wa Shirima. Nilipumua. Nikaanza hata kufikiria nitampeleka wapi, pasipo na mlima mkali, kwa jinsi alivyo.

"Narudisha! Iuzwe tena!"

Watu wakashangilia. Nikatabasamu, maana ndiyo ustaarabu, naujua, niliupenda kwa boga. Vijana wa kwaya wakachanga, wakaninunua. Nikafurahi zaidi, vijana wana miguu. Kiongozi wao akainua mkono: "Nasi tunarudisha!" Vigelegele tena.

Sijui nilitegemea nini. Walikuwa wakimpa Mungu, na wakinipa heshima ileile waliyompa jogoo aliye bora. Lakini jogoo hajawahi kukaa na karatasi akijiuliza kama kuna anayemsikia. Nilisimama pale na suti na buti, nauzwa vizuri, na hakuna anayetaka kutembea. Nilijisikia mzee. Nilitaka kwenda nyumbani.

"Mara ya tatu, wapendwa! Nani?"

"Hapa."

Sauti ya kike, kutoka walikokaa akina mama. Niliitambua kabla sijageuka. Akataja bei. Shirima akaongeza, kwa mazoea. Sauti ile ikaongeza juu ya bei yake. Mama Upendo akasimama, ndani ya gauni jipya la kijani ambalo likiwa kwenye cherehani nilidhani ni la mteja, akamgeukia.

"Shirima, wewe utatembea?"

Shirima akalitazama tumbo lake. Uwanja mzima ukaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote, akakaa.

Mzee wa mnada akamfuata na kipaza sauti. "Mama, unarudisha?"

"Sirudishi. Hii naondoka nayo."

"Lakini mama, si mumeo huyu? Unanunua kilichoko nyumbani kwako?"

"Nyumbani sijawahi kukipata. Jumamosi nafunga duka."

Sikumbuki vigelegele. Nnko anasema vilisikika mpaka barabarani. Nililia, nikasingizia vumbi, wakati asubuhi kulikuwa kumenyesha na uwanja mzima ni matope. Mbuzi aliuzwa baada yangu, kwa bei ya juu kuliko mimi. Nimemkubali.

Jumatatu, 18 Agosti

Sijaandika safu. Nimezunguka nyumba nikipiga mluzi. Mama Upendo kaniambia niache, anapima kitambaa.

Ameweka tangazo mlangoni: Jumamosi hakuna kazi. Wateja watatu wameshalalamika. Nilisikia akimjibu mmoja, "Nina safari." Alilisema kwa fahari ambayo sijaisikia muda mrefu. Najilaumu kidogo kwa kutorudia kumwomba, lakini leo furaha imezidi.

Jumamosi, 23 Agosti

Yeye alichagua. Akheri, mfereji mkubwa, mpaka kwenye ule mti mkubwa wa mringaringa. "Ule wa mwaka wa ukame," alisema. Ilibidi nifikiri ndipo nikakumbuka kwamba niliuandika.

Alivaa buti zangu za zamani na soksi mbili mbili. Nikasema zitakuwa kubwa. Akasema amezifua na kuzikausha jikoni miaka yote, zinamjua. Nnko alitusubiri na fimbo, akatufuata kwa nyuma, kwa mara ya kwanza tangu nimjue akiwa hana la kusema.

Nilikuwa nimejiandaa kueleza. Nimelipiwa, nieleze. Lakini yeye alitangulia.

"Tukipinda hapa kuna daraja la gogo. Na wewe hapo huwa unaogopa."

Tulipinda. Daraja. Nikaogopa kidogo, kama kawaida.

"Hapa ndipo harufu ya maua ya kahawa ilikusimamisha. Leo hamna, si msimu." Akaendelea. "Mbele kuna jiwe uliloteleza, ukaandika kwamba ni kubwa kama meza." Akalifikia, akalitazama, akalipima kwa kiganja alivyozoea kupima mabega ya watu. "Uliongeza. Hili ni stuli." Nnko alishika mgomba asianguke kwa kicheko.

Ilikuwa hivyo njia nzima. Mahali maji yanapotoka mferejini kwenda mashambani. Mti uliopigwa radi. Mahali ndege hondohondo wanapokuja asubuhi, na wawili walikuwepo, akawaamkia. Hajawahi kupita pale hata siku moja. Nilidhani alikuwa anasikiliza huku anashona. Kumbe alikuwa anatembea. Kila Jumatano, mguu ukisimama kwenye cherehani, ulikuwa unatua kwenye njia hii.

Chini ya mringaringa magoti yake yalikataa, tukakaa. Alitoa ndizi za kuchemsha, maziwa ya mgando na chumvi kwenye karatasi. Nikamwambia nilichokuwa naogopa, kwamba nimevuna tope tu. Alikula kwanza akamaliza.

"Mimi Jumamosi nilikuwa nimefungwa kwenye kiti," akasema. "Jumatano ulikuwa unanitoa. Sasa unataka kuvuna nini kingine?"

Nilimwegemea, tukakaa vile mpaka Nnko akaanza kukohoa kwa adabu. Nina shukrani kubwa. Sina neno jingine na leo silitafuti.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeiandika kwa asubuhi moja. Inaanza: "Jumamosi nilitembea na mtu anayeijua njia kuliko mimi, na alikuwa hajawahi kuipita." Watu wote wa kushukuriwa wamo, bibi wa Terrat, walinzi, trekta, Nnko, Shirima na tumbo lake, lakini nimemkuta kila mmoja mahali pake njiani. Hakuna "wapenzi wasomaji."

Jioni kwenye kigoda. Nilisoma sentensi ya kwanza, cherehani ikasimama. Nikangoja iendelee. Haikuendelea. Nikasoma mpaka mwisho nikisikia sauti yangu mwenyewe, na mvua kwenye bati, kitu ambacho Jumatano huwa sikisikii.

Alikata uzi. Kisha: "Toa neno 'adhimu.'"

Nimelitoa. Nikamwomba mstari wa mlima auseme yeye, maana asubuhi aliuona kabla yangu. "Andika: umekunjamana kama shati lililolala kwenye beseni, lakini upo." Nimeandika hivyo hivyo.

Ijumaa, 29 Agosti

Salma kapiga. Hakuanza na shikamoo, alisahau, akaikumbuka katikati. Anasema ameisoma ofisini kwa sauti na watu wa matangazo wakaacha walichokuwa wanafanya. Haitabadilisha kitu, ukurasa umeshauzwa. Alikuwa analia, binti wa watu. Nikampa pole tena. Imekuwa kazi yangu.

Nilimwambia asante, kwa kunivumilia na koma zangu. Nilimaanisha. Akaniomba siku moja nimpeleke Akheri. Nikamwambia aulize mwenye mali.

Jumatano, 3 Septemba

Saa ya kusoma imefika, sina cha kusoma. Nimekaa kwenye kigoda vilevile. Cherehani inakwenda, sare za shule, pindo baada ya pindo. Sauti nzuri. Sikuwahi kuisikiliza yenyewe.

Jumamosi duka litafunguliwa mchana, kibao kipya kiko mlangoni. Ameshachagua Terrat. Anataka kumwona yule bibi wa maziwa, kama bado yupo, na kama hayupo, boma lake. Buti za zamani ni zake sasa. Zilirudi na tope la Akheri. Nimezifua na kuzikausha jikoni mwenyewe.

Mlima asubuhi hii: Mama Upendo ndiye aliyetoka kuutazama. Anasema uko wazi mpaka juu. Mimi sikutoka. Nimeandika alivyosema.